Kitabu Kimoja kwa Wiki Nzima: Namna ya Kuwasomea Watoto wa Chekechea Vitabu vya Picha

Ninayemwandikia mwongozo huu ni mwalimu wa chekechea ambaye vitabu vyake vya picha vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ambaye watoto wake 50 au 60 wanakaa chini juu ya mkeka. Walimu wa namna hiyo tuko wengi hapa Uganda, mjini na vijijini, na mara nyingi nimewasikia wenzangu wakisema kwamba wangewasomea watoto hadithi kila siku lau wangekuwa na vitabu vya kutosha. Mimi nafundisha Busia, mpakani, ambako mtoto mmoja hutoka kwao akizungumza Kisamia, jirani yake Kiteso, wa tatu Kiganda, na wote watatu huwa wameshakutana katika Kiswahili cha sokoni na cha madereva wa malori kabla ya kusikia neno la Kiingereza. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeamini kwamba hatuhitaji kitabu kipya kila siku. Tunahitaji kitabu kimoja kinachosomwa siku tano mfululizo, na katika siku hizo tano maneno ya mwalimu yapungue na ya watoto yaongezeke.

Hatua ya kwanza: kukichagua kitabu

Anza na ukubwa wa picha. Kiegemeze kitabu ukutani kikiwa wazi, kisha rudi nyuma hatua sita za kawaida. Kama kutoka hapo unaona vizuri kwamba mtu aliye kwenye picha amefurahi au amenuna, kitabu hicho kinafaa kusomwa mbele ya darasa. Kama huoni, usikitupe, kwani kinafaa sana kwa watoto watano au sita waliokuzunguka wakati wengine wako nje wanacheza.

Tazama pia maneno yalivyo. Katika madarasa yetu matatu tunayoyaita Baby, Middle na Top, watoto wa Baby, ambao wengi wana miaka 3, hutosheka na sentensi moja fupi kwa kila ukurasa, na wale wa Top, wenye miaka 5, huweza kustahimili sentensi mbili au tatu. Kitabu chenye maneno mengi kuliko picha huwachosha, nawe utajikuta unawatuliza watoto badala ya kuwasomea. Upande wa maudhui, napendelea kitabu ambacho karibu kila kitu ndani yake mtoto anakijua, kama vile jiko la mkaa, bodaboda, mgomba nyuma ya nyumba au foleni ya bombani, kisha kiwe na kitu kimoja asichokijua, ili kiwepo cha kuuliza.

Vitabu vinapatikana kwa njia zaidi ya ile ya dukani. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umeweka kwenye intaneti hadithi nyingi za picha katika Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine za Uganda, na leseni yake inamruhusu mwalimu kuzipakua, kuzichapa na hata kuzitafsiri bila malipo. Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi, ni kitabu cha gunia. Chukua gunia jeupe la sukari au la unga, lifue, likaushe, ulikate vipande sita vya kimo kimoja, uvishone pamoja upande mmoja kwa uzi mnene, kisha uchore na kuandika kwa kalamu ya marka isiyofutika kwa maji. Kitabu cha gunia huonekana mpaka mlangoni, hakichaniki, na kikichafuka hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Mifano yote iliyo humu nimeitoa katika kitabu cha namna hiyo tulichokitengeneza shuleni, mwenzangu akichora nami nikiandika. Kinasimulia msichana aliyetumwa na bibi yake kumpeleka jogoo sokoni, jogoo akamponyoka, na kukawa na mbio.

Hatua ya pili: kukisoma ukiwa peke yako

Mwalimu akikifungua kitabu kwa mara ya kwanza mbele ya watoto, macho yake hung'ang'ania maandishi, na watoto hulijua jambo hilo mara moja. Kisome nyumbani kwa sauti, si kimoyomoyo, angalau mara mbili, mpaka uweze kuisema kila sentensi baada ya kuitupia jicho mara moja tu. Katika kusoma huko chagua mahali patatu utakaposimama kuuliza, na maneno mawili au matatu utakayoyafafanua. Mimi huandika hayo kwenye kikaratasi na kukibandika nyuma ya kitabu, upande unaonielekea mimi. Pima pia muda. Kwa watoto wa Baby dakika sita au saba zinatosha, na kwa wa Top unaweza kufika dakika kumi na mbili pamoja na mazungumzo. Kitabu kikizidi hapo, kikate katikati na uisimamishe hadithi mahali penye hamu, ili kesho waje wakiidai.

Hatua ya tatu: kuwakalisha watoto

Hapa ndipo nilipokosea mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, na kosa lenyewe nalisimulia kwa sababu nimeliona kwa walimu wengi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti mgongo wangu ukiwa dirishani, ili mwanga uangukie kurasa nilizokuwa nazisoma. Baada ya wiki kadhaa nilimwuliza msichana mmoja amependa nini katika kitabu, akanijibu kwamba amependa mkono wa mwalimu. Nilidhani ananitania, mpaka nilipokwenda kukaa mahali pake na kumwomba mwenzangu akae kwenye kiti changu na kukishika kitabu. Kwa mwanga ule uliokuwa ukinipiga machoni sikuona picha hata moja. Niliona kivuli cheusi cha mtu na vidole vilivyoshika kitu cheusi cha pembe nne.

Basi dirisha au mlango uwe nyuma ya watoto au ubavuni mwao, usiwe nyuma yako. Watoto wakae kwa nusu duara yenye mistari isiyozidi minne, wafupi mbele, na mtoto yeyote unayemhisi kuwa haoni au hasikii vizuri awe karibu na magoti yako. Wewe kaa kwenye kiti kifupi. Ukisimama, watoto wa mbele huumia shingo, na ukikaa chini kabisa, wale wa nyuma huanza kunyanyuka mmoja mmoja wakilia, “Mwalimu, sioni!” na hadithi huishia hapo.

Watoto wakiwa zaidi ya 40 na uko na mwalimu msaidizi, ligawe darasa mara mbili. Nusu wakae nawe mkekani na nusu wakachore mchangani, kisha mbadilishane. Wakati mzuri ni baada ya uji wa saa nne, matumbo yakiwa yametulia. Saa sita mchana, joto la mabati linapowalaza, siwashauri. Na mvua kubwa ikianza kuyapiga mabati hayo, usishindane nayo kwa kupaza sauti, kwani itakushinda. Nyamaza, geuza kurasa polepole, na uwaache watoto wasome picha kwa macho na kwa ishara za mikono. Baadhi ya vipindi vyetu bora vilikuwa vya mvua.

Hatua ya nne: kukishika kitabu

Kishike chini kwenye mgongo wake kwa mkono mmoja, kikiwa pembeni mwa bega lako na usawa wa macho ya watoto, kurasa zikiwaelekea wao tangu mwanzo hadi mwisho. Ile tabia ya kujisomea kwanza na baadaye kukigeuza ili waone picha inamfanya mtoto asikie maneno bila picha, kisha aone picha bila maneno, ilhali kitabu cha picha kimetungwa ili vyote viwili vifike pamoja. Kila ukifungua ukurasa kisogeze kitabu taratibu kutoka kushoto hadi kulia, mpaka macho ya mtoto wa pembeni kabisa yawe yamefika, ndipo uanze kusoma. Kitabu cha gunia ni kizito kwa mkono mmoja, kwa hiyo kining'inize kwenye kamba au mwombe mtoto mmoja wa Top akusaidie kukishika.

Hatua ya tano: siku ya kwanza

Fungua kwa mlango wanaoujua. Kwetu mimi husema “Paukwa!” nao huitikia “Pakawa!”, na wakati mwingine, kwa ajili ya watoto wa Kiganda, hutanguliza kitendawili kwa “Koyi koyi!” nao wakajibu “Lya!”. Watoto wanakuwa wamekwisha kutulia bila ya kuambiwa wanyamaze. Waoneshe jalada, soma jina la kitabu huku kidole kikipita chini ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia, na uwaambie kwamba yuko mtu aliyeyaandika maneno haya na yuko mtu aliyezichora picha hizi. Mtoto asiyeambiwa hudhani kitabu huota tu kama uyoga. Waulize wanadhani msichana huyu anakwenda wapi na jogoo, pokea majibu matatu au manne bila kusema lipi ni sahihi, kisha uanze.

Siku hii ya kwanza wape hadithi nzima. Simama mara chache, si zaidi ya mara tatu, kwa sababu anayesikia hadithi mara ya kwanza anataka kujua mwisho wake. Neno gumu lifafanue papo hapo kwa maneno machache na kwa ishara, kwa mfano, “Ameponyoka, yaani ametoka mkononi bila ruhusa,” huku ukifungua kiganja, kisha endelea. Badili sauti kidogo ili bibi asisikike kama msichana, lakini usigeuke mwigizaji mpaka watoto wakutazame wewe na kusahau picha. Kinachofanya kazi kuliko sauti zote ni kimya. Kabla ya kugeuza ukurasa wa mbio za jogoo, shika ncha ya ukurasa na ukae kimya. Utasikia darasa zima likivuta pumzi.

Hatua ya sita: siku ya pili na ya tatu, watoto waanze kusema

Mazoea yetu ya kuitikia kwa pamoja yana nguvu sana. Mwalimu huuliza, “Huyu ni nani?” na watoto 60 huimba, “Jogoo!” Mwalimu husifu, naye huenda mbele akiamini wote wameelewa, kumbe nusu yao wamefuata sauti ya jirani. Sisemi kwamba kuitikia kuondolewe, kwa maana mtoto mwenye haya hupata ujasiri ndani ya kundi, ila kuitikia kusiwe ndiyo mazungumzo yote.

Njia ninayoifuata inatokana na usomaji wa mazungumzo, ambao mwanasaikolojia wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake waliuandikia utafiti wao uliochapishwa mwaka 1988. Wazazi wa watoto wadogo walifundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa neno moja, na kulipanua kila jibu la mtoto badala ya kusoma moja kwa moja. Baada ya mwezi mmoja tu watoto wao walikuwa mbele kilugha kuliko watoto wa wazazi waliosoma kama walivyozoea. Mpangilio wake ni mwepisi kukumbuka. Uliza, sikiliza jibu na kulipima, liongezee maneno machache, kisha mtoto alirudie likiwa limekua.

Utafiti ule ulimhusu mzazi mmoja na mtoto mmoja nyumbani, nasi tuna mkeka mzima, kwa hiyo sharti tuubadilishe kidogo. Uliza swali, kisha waambie watoto wamgeukie jirani na wamwambie jibu kwa sauti ya chini. Hesabu moyoni hadi kumi huku ukisikiliza mnong'ono, halafu uchague mtoto mmoja tu ajibu kwa wote. Kwetu huwa hivi. Nauliza, “Jogoo amefikaje juu ya magunia ya mahindi?” Baada ya minong'ono mtoto mmoja anasema, “Ameruka.” Najibu, “Ndiyo, ameruka kwa mabawa yake mpaka juu ya magunia. Hebu tuambie tena.” Naye anairudia sentensi nzima, na hapo ndipo darasa lote linapomwitikia yeye badala ya kuniitikia mimi.

Maswali nayo yawe ya aina mbalimbali. Acha sentensi bila kuimaliza, ili waimalize wao. Waulize kilichotokea ukurasa uliopita. Waulize mambo ya kwa nini na vipi. Hatimaye waulize yanayowagusa, kama nani amewahi kukimbiza kuku nyumbani kwao na ilikuwaje. Swali la mwisho hili lina hatari ya kuzaa hadithi 60 kwa siku moja, kwa hiyo wape nafasi watoto watatu, ukumbuke majina yao, na kesho uwape wengine watatu.

Ukishauliza, ngoja. Walimu wengi huhesabu sekunde moja, kisha wakajijibu wenyewe, na mtoto anayehitaji kutafuta neno katika lugha ya pili hapati nafasi kamwe. Nakumbuka mvulana mmoja ambaye muhula mzima hakuwa amefungua mdomo darasani. Siku ya tatu ya kitabu cha jogoo niliuliza nini kitampata msichana, nikanyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu kwa sababu nilikuwa nikifungua kikaratasi changu kilichokunjamana. Aliinuka, akaja mpaka kwenye kitabu, akaweka kidole kwenye kona ya chini ambako kiatu kimoja cha msichana kilikuwa kimebaki barabarani, akasema kwa Kisamia maneno ambayo jirani yake alinitafsiria kwamba huyu atagombezwa kwa kiatu, wala si kwa jogoo. Kiatu kile alikichora mwenzangu kwa kufurahia tu kuchora, nami nilikuwa nimekisoma kitabu hicho zaidi ya mara kumi bila kukiona.

Mtoto yule angebaki kimya kama ningemtaka aseme kwa Kiingereza. Wazazi wengi hutubana tuwasomee watoto kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, na mimi naielewa shauku yao, lakini hata katika shule za msingi mtaala uliotungwa kwa mada, ulioanza mwaka 2007, unataka ufundishaji wa darasa la kwanza hadi la tatu uwe kwa lugha ya mahali, na darasa la nne ndilo la kuvukia. Kama kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, kisome kama kilivyo, lakini mazungumzo juu ya picha yafanyike kwa lugha inayowatoka watoto bila kujikwaa. Kwetu lugha hiyo ni Kiswahili, ambacho Katiba, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Kwako inaweza kuwa Kisoga, Kilugbara au Kiacholi. Na mtoto akijibu kwa lugha nyingine, mpokee, kisha umrudishie jibu lake kwa lugha ya darasa bila kumkosoa.

Hatua ya saba: siku ya nne na ya tano

Siku ya nne hadithi iigizwe. Mmoja awe bibi, mmoja msichana, mmoja jogoo, na waliobaki wawe sokoni wakiuza nyanya na mitumba, ili kila mtoto awe na la kusema. Wewe soma sentensi za katikati tu. Siku ya tano kitabu washike wao. Mtoto mmoja anageuza kurasa, mwingine anasimulia picha, na kila kurasa mbili wanabadilishana. Watasema maneno yasiyo kitabuni, nawe usiwasahihishe, maana wanachofanya ni kusoma picha na kutunga sentensi. Baadaye kiache kitabu juu ya mkeka wakati wa michezo huru, na utawaona wawili watatu wakilala kifudifudi mbele yake, mmoja akipitisha kidole chini ya maneno kama ulivyofanya wewe.

Kukitunza kitabu

Watoto waoneshwe tangu mwanzo kwamba ukurasa hushikwa kwenye ncha ya juu na kwamba mikono hunawishwa baada ya uji. Kikichanika, kibandike kwa selotepu siku hiyohiyo, mbele yao. Usiviache vitabu kwenye rafu iliyogusa ukuta wala kwenye boksi lililowekwa sakafuni, kwani mchwa hawakawii, na panya hupenda gundi. Sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali mawili linatosha. Kabla ya kukifungia humo Ijumaa, andika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma tarehe za wiki hiyo pamoja na mambo mawili matatu waliyoyasema watoto, kila moja na jina la aliyelisema. Kwenye cha gunia, ambako penseli haiandiki, shonea kipande cha karatasi ngumu. Muhula ujao utakapokitoa tena, anza kwa kuwasomea maneno hayo yao kabla hujafika kwenye “Paukwa”.